Mnanaha

Vuli ilipokatika, nyuma ya kambi ya mkonge, Pongwe,
kila kitu kilikuwa kijani, na kila kijani tulikiita mboga.
Mama alinipa ungo: "Kachume mnavu.
Mchunga uache. Baba yako ana uchungu wa kutosha."

Nilikuwa na miaka tisa.
Hakuna aliyeniambia kwamba majani nayo yana utoto,
kwamba mnavu ukichipua, na mnanaha ukichipua,
ni kama wachanga wawili katika kitanda kimoja cha wodi:
ua bado halijasema,
tunda bado halijakunja ngumi yake ya miiba.
Nilichuma palipokuwa laini,
pale kwenye jaa la makapi ya mkonge,
nikajisifu kwamba ungo umejaa mapema.

Mama akaunga kwa nazi moja na nyanya mbili mbovu.
Mimi nilikuwa nimenuna, sababu siikumbuki,
nadhani ni kandambili.
Nikala ugali kwa chumvi
ili waone.

Isha haijaadhiniwa, baba akaomba maji.
Akaomba tena. Ulimi, akasema, umekuwa kipande cha gunia.
Mboni zikatanuka hadi zikameza macho,
na Semhando mkata mkonge, miaka ishirini na sita kazini,
akainama sakafuni kukata mkonge usiokuwapo.
Akakata. Akafunga. Thelathini, tita. Thelathini, tita.
Akamgombeza Shekalaghe, karani aliyezikwa mwaka uliopita:
"Tita moja umeniibia! Hesabu upya!"

Mama, aliyekula ukoko na mchuzi wa chini ya sufuria,
alishika fremu ya mlango, nyumba ikimzunguka.
Alikuwa amekwisha kusema, "Kimbia kwa Mama Ngoda,"
mguu wangu mmoja uko nje,
baba akaketi.
Akanyoosha miguu. Akakunja mikono,
akaanza kupembeza kitu chepesi sana.
"Nyamaza, Mwantumu. Nyamaza, mama.
Baba amerudi, ona, mikono nimenawa."

Mwantumu alinitangulia kuzaliwa.
Jina lake kwetu lilikaa chini ya sanduku
pamoja na kofia ya sufi ya mtoto wa siku arobaini.
Sikuwahi kulisikia kwa sauti ya mwanamume.

"Ngoja," mama akaniambia.

Ngoja ile sijui ilikuwa ndefu kiasi gani.
Chemli ilipepesa. Baba alipembeza.
Aliomba radhi kwa usiku mmoja, kwa nauli iliyokosekana,
kwa mvua, kwa njia ya kwenda Bombo,
na mama akasikiliza, kiganja mdomoni,
na sumu ikifanya kazi yake.
Kisha akapiga yowe ambalo kambi nzima iliamka.

Tulipakiwa juu ya machungwa, kwenye pikapu ya Shemdoe.
Nesi akauliza, "Wamekula nini?"
Nikasema, "Mnavu," na sikuwa nadanganya.

Siku ya tatu baba akarudi ndani ya macho yake.
Akataka chai. Akauliza nani amelipia pikapu.
Hakukumbuka kitu, hata tita la Shekalaghe.
Mama alimtazama
kama mtu anayengoja chenji yake.

Juma lililofuata alinichukua hadi jaani, na jembe.
Akavunja jani, akalisugua, akanipa: "Nusa."
Harufu ya panya aliyelowana.
"Likue jani hili, utaliona meno yake hayalingani.
Ua lake refu, jeupe, kama baragumu.
La mnavu dogo, nyota. Umesikia?"
Nikasikia. Akalima. Akang'oa, akang'oa,
udongo ukimrukia kwenye kanga.

Mche mmoja ulijificha nyuma ya jiwe la mpaka.
Aliuona. Nilimwona akiuona.
Jembe likapita pembeni.

Usiku ule tulikula maharage.